Unene wa Mtoto si Dalili ya Neema

Hai Amarat ni mtaa wa Juba uliopewa jina la majumba. "Hai" kwa Kiarabu ni mtaa, na "amarat" ni majengo. Majengo yapo kweli: hoteli, maofisi, nyumba zenye ukuta mrefu na jenereta zinazonguruma usiku kucha. Lakini nyuma ya kuta hizo, katika vyumba vya uani, wanaishi pia wafanyakazi: madereva, walinzi, wapishi na mafundi. Katika ua mmoja wa namna hiyo anakaa mwenzetu mmoja, mtunza ghala wa kiwanda cha maji ya chupa. Jina lake hatulitaji, kwa kuwa aliyotueleza ni mambo ya nyumbani kwake.

Mwenzetu huyu alikulia katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, huko Kenya, na ndiko alikojifunza Kiswahili. "Mimi nimekula mahindi ya kupimiwa kwa kopo," alituambia. "Niliapa kwamba mwanangu hatalala na njaa." Kiapo hicho amekitimiza. Mwanawe wa kwanza ana umri wa miaka 10. Kila jioni baba akirudi kazini humletea soda na pakiti ya biskuti. Mtoto akanenepa, mashavu yakajaa, majirani wakampongeza baba: "Kazi imekubali!"

Siku moja mtoto alitoka kucheza mpira na wenzake. Kabla ya dakika 10 kupita alikuwa amekaa chini, anahema, ameshika kifua. Baba akampeleka zahanati. Mganga akampima urefu, uzito na kiuno, kisha akamfunga mkononi kitambaa cha kupimia shinikizo la damu. Alipomaliza alisema, "Mzee, shinikizo la damu la kijana liko juu kuliko inavyotakiwa kwa umri wake. Mlete wiki ijayo tupime tena, na wiki inayofuata tena, ndipo tuwe na hakika."

Baba akashangaa. "Daktari, presha si ugonjwa wa wazee?"

Swali hilo ndilo lililotufanya tuandike makala haya.

NJAA NA SHIBE KATIKA UA MMOJA

Katika ua huohuo, chumba cha pili, anakaa dada yake mtunza ghala. Alikimbia Khartoum baada ya vita kuanza mwezi wa Aprili 2023, akapitia Renk, akafika Juba na mtoto mchanga mgongoni. Mtoto huyo sasa amefikia umri wa kutembea. Alipopimwa mkono kwa ule utepe wa rangi tatu ambao akina mama wa Juba wanaujua vizuri, kipimo kiliangukia kwenye njano, yaani kati ya sentimita 11.5 na 12.5. Kikishuka chini ya 11.5 ni nyekundu, na hapo maisha ya mtoto yamo hatarini.

Basi ua ni mmoja, watoto ni wawili. Mmoja anapimwa mkono kwa sababu amekonda. Mwingine anapimwa kiuno kwa sababu amenenepa.

Asitokee mtu akasema tunaandika habari za shibe katika nchi yenye njaa. Tunajua hali ilivyo. Mwaka 2025 zaidi ya watu milioni 7 wa Sudan Kusini walihesabiwa kuwa na upungufu mkubwa wa chakula. Njaa bado ni adui wa kwanza. Lakini adui wa pili ameshaingia mlangoni, na wengi wetu tunampokea kama mgeni wa heshima.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watoto na vijana milioni 390 wenye umri wa miaka 5 hadi 19 walikuwa na uzito uliozidi. Kati yao, milioni 160 walikuwa na unene wa kupindukia. Mwaka 1990 wenye uzito uliozidi walikuwa watoto 8 katika kila 100. Mwaka 2022 walifika 20. Mwezi wa Septemba 2025, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto, UNICEF, lilitangaza kwamba kwa mara ya kwanza duniani, watoto wa umri wa shule wenye unene wa kupindukia wamekuwa wengi kuliko waliokonda. Afrika kusini mwa Sahara na Asia ya Kusini bado hazijafika huko. Maana yake ni kwamba sisi tunao muda wa kuziba ufa kabla ya kujenga ukuta.

Tena watoto wetu wana hatari ya ziada. Katika miaka ya 1980 daktari Mwingereza, David Barker, alichunguza kumbukumbu za watu waliozaliwa miaka mingi nyuma. Aliona kwamba waliozaliwa na uzito mdogo walikufa zaidi kwa maradhi ya moyo ukubwani. Mwili uliobanwa na njaa tumboni mwa mama au utotoni hujifunza kuweka akiba. Ukiletewa sukari na mafuta kwa ghafla, unaweka akiba hiyo kiunoni, na moyo na mishipa hulipa gharama. Mtoto aliyezaliwa wakati wa vita na kulishwa soda wakati wa amani amepigwa pande zote mbili.

MOYO HUANZA KUCHAKAA LINI?

Fundi wa boila anajua kwamba bomba halizibi kwa siku moja. Linaanza na ukoko mwembamba ndani, usioonekana kwa nje. Mashine inaendelea kufanya kazi na bwana mkubwa anaridhika. Siku ya kupasuka, watu husema bomba limeharibika leo, kumbe lilianza kuharibika miaka mingi iliyopita.

Mishipa ya damu ni vivyo hivyo. Mwaka 1953 madaktari wa Marekani walitoa taarifa ya uchunguzi wa maiti za askari 300 waliouawa katika vita vya Korea. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 22. Walikuwa vijana wenye nguvu, waliopimwa afya kabla ya kuingia jeshini. Hata hivyo askari 77 katika kila 100 walikutwa na dalili za ugonjwa katika mishipa inayolisha moyo.

Kama katika miaka 22 ukoko umeshaanza, ulianza lini hasa? Jibu lilitafutwa katika mji wa wafanyakazi, Bogalusa, katika jimbo la Louisiana, Marekani. Mji huo ulijengwa na kiwanda cha mbao, kisha ukaishi kwa kiwanda cha karatasi. Wanachama wa vyama vya wafanyakazi wana sababu nyingine ya kuukumbuka: tarehe 22 Novemba 1919, wafanyakazi wazungu wanne waliuawa hapo kwa risasi baada ya kumlinda kiongozi mweusi wa chama, Sol Dacus, asikamatwe na watu wa kampuni.

Katika mji huo Dakta Gerald Berenson alianza, mwanzoni mwa miaka ya 1970, kupima watoto weusi kwa weupe: uzito, shinikizo la damu na mafuta katika damu. Alifuatana nao miaka na miaka. Mwaka 1998 yeye na wenzake walieleza waliyoyaona katika mishipa ya watu 204 wa umri wa miaka 2 hadi 39 waliokuwa wamefariki, wengi wao kwa ajali. Michirizi ya mafuta ilikuwapo hata katika mishipa ya watoto. Na wale waliokuwa na mambo kadhaa kwa pamoja, yaani unene, shinikizo la juu, mafuta mengi katika damu na uvutaji wa sigara, ndio walioharibika zaidi.

Hilo ndilo jibu la swali la mtunza ghala. Presha inaonekana uzeeni, lakini chanzo chake hakingoji uzee.

Lakini habari njema pia ipo. Mwaka 2011 uchunguzi wa watu zaidi ya 6,000 waliofuatiliwa tangu utotoni, wakiwamo wa Bogalusa, ulionyesha jambo la kutia moyo. Waliokuwa wanene utotoni, kisha wakaacha unene kabla ya kufika utu uzima, hatari yao ya kisukari na shinikizo la damu ilikuwa karibu sawa na ya wale ambao hawakuwa wanene kamwe. Samaki mkunje angali mbichi.

KUTOKA KIJIJINI HADI MJINI

Pengine msomaji atasema hayo ni mambo ya Marekani. Basi na tutazame karibu.

Katika miaka ya 1980 watafiti waliwafuata Wajaluo waliohama vijijini magharibi ya Kenya kwenda kutafuta kazi Nairobi. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990. Shinikizo la damu la waliohamia mjini lilikuwa juu kuliko la ndugu zao waliobaki nyumbani, na tofauti hiyo ilianza kuonekana mapema, ndani ya miezi ya kwanza tu. Uzito uliongezeka. Chumvi katika chakula ilizidi, na madini ya potasiamu, ambayo tunayapata katika matunda, mboga na vyakula vya shambani, yalipungua. Watu walikuwa walewale na damu ileile. Kilichobadilika ni mji na chakula.

Juba nayo imebadilika haraka. Barabara ya lami kutoka Nimule, yenye urefu wa kilomita 192, ilifunguliwa mwaka 2012. Kwa barabara hiyo hupita unga na maharagwe, na tunashukuru. Hupita pia soda, biskuti, tambi za pakiti, mafuta ya kukaangia na viungo vya mchuzi vya kiwandani vilivyojaa chumvi. Sudan Kusini iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na bidhaa za Kampala na Nairobi leo zimo katika kila kibanda cha Hai Amarat. Mama mwenye fedha kidogo anakuta pakiti ya biskuti ni rahisi na inanyamazisha mtoto. Ful, bamia, mlenda na samaki wa Mto Nile vinataka mkaa, maji na muda.

VIJIKO VINANE KATIKA CHUPA MOJA

Tufanye hesabu kidogo, kama tunavyohesabu saa za ziada.

Chupa ya soda ya mililita 300 ina sukari yapata gramu 32. Kijiko cha chai ni gramu 4. Basi chupa hiyo moja ni vijiko 8. Chupa ya plastiki ya nusu lita ni vijiko 13. Chama cha Moyo cha Marekani kilishauri mwaka 2016 kwamba mtoto wa miaka 2 hadi 18 asizidishe gramu 25 za sukari ya kuongezwa kwa siku, yaani vijiko 6 tu. Soda moja ndogo imeshavuka mpaka, na bado hatujahesabu chai.

Na chai ya Juba sote tunaijua. Anayekunywa vikombe vitatu kwa mama wa chai barabarani amekunywa sukari ya kutosha siku nzima. Mtu mzima aliyebeba magunia atachoma sehemu ya sukari hiyo kwa jasho. Mtoto aliyekaa mbele ya televisheni ataichoma kwa kitu gani?

Ubaya wa sukari ya kunywa ni kwamba haishibishi. Mtoto akila embe, hutafuna, hushiba na huacha. Akinywa kinywaji cha embe cha pakiti, ndani yake hamna nyuzi za tunda, na baada ya nusu saa ataomba chakula kama kawaida. Ajabu ni kwamba msimu wa maembe ukifika, matunda yanaoza chini ya miti ya Juba huku watoto wakinunuliwa maji ya rangi.

WATOTO WA NYUMA YA UKUTA

Sababu ya pili ni kukaa. Hai Amarat ni mtaa wa kuta. Nje kuna magari na bodaboda, na wazazi walioona mapigano ya Desemba 2013 na Julai 2016 hawapendi mtoto atoke mbali. Hatuwalaumu. Lakini mtoto anayefungiwa uani na simu mkononi hukosa dawa ambayo haiuzwi dukani.

Mwaka 1953 daktari Jerry Morris alilinganisha wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva na kondakta walifanya kazi katika basi moja. Dereva alikaa kutwa, kondakta alipanda na kushuka ngazi mara nyingi. Makondakta walipata maradhi ya moyo kidogo kuliko madereva. Mwili umeumbwa kutembea, na moyo ni msuli unaotaka kazi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa angalau dakika 60 kwa siku za mwendo unaomtoa jasho: mpira, kuruka kamba, kuteka maji, kwenda shule kwa miguu.

KIPIMO CHA UZI

Huhitaji mashine kuanza uchunguzi nyumbani. Chukua uzi, upime urefu wa mtoto aliyetimiza miaka 5 kutoka utosini hadi kisiginoni, ukate. Ukunje mara mbili. Kisha uzungushe uzi huo uliokunjwa kiunoni mwake, karibu na kitovu. Ncha zikikutana bila kuvuta, ni dalili nzuri. Zisipokutana, kiuno kimezidi nusu ya urefu. Mpeleke akapimwe uzito na shinikizo la damu. Ulizia kama wana kitambaa kidogo cha mkono wa mtoto, maana kitambaa kisicholingana na mkono hutoa kipimo cha uongo.

Tahadhari ni mbili. Kwanza, uvimbe si unene. Mtoto mwenye miguu na uso uliovimba huenda ana utapiamlo mkali. Bonyeza kwa kidole gumba juu ya nyayo zote mbili, hesabu polepole hadi 3, uachie. Shimo likibaki, mkimbize hospitali siku hiyohiyo. Pili, kuhema kunaweza kutokana na upungufu wa damu, pumu, au moyo ulioharibiwa na maradhi ya koo yasiyotibiwa, ambayo ni mengi kwa watoto wa Afrika Mashariki. Kwa hiyo mtoto mnene au mwembamba akihema bila sababu, aonwe na mganga.

LA KUFANYA NYUMBANI

1. Maji safi yawe kinywaji cha kila siku. Soda ibaki ya sikukuu.

2. Punguza kijiko kimoja cha sukari katika chai ya nyumba nzima kila wiki mbili. Ulimi huzoea.

3. Mtoto mchanga anyonye maziwa ya mama pekee miezi 6 ya kwanza, kisha aendelee kunyonya huku akila. Uji wake usijazwe sukari.

4. Usimshindishe mtoto njaa, wala usimpe dawa za kukondesha. Mtoto anakua, uzito ukisimama na urefu ukiongezeka, mara nyingi hiyo yatosha.

5. Usimcheke wala kumpa jina la utani. Badilisha chakula cha nyumba yote, asitengwe yeye peke yake.

6. Baba na mama waonyeshe mfano. Mtoto hafuati maneno, hufuata nyayo.

LA KUFANYA KAZINI NA CHAMANI

Ndugu wafanyakazi, si haki kumtupia mama lawama yote. Mshahara unapochelewa miezi, chakula kinachonunuliwa ni kile kinachojaza tumbo kwa senti chache. Kwa hiyo kudai mshahara ulipwe kwa wakati ni kudai afya ya moyo wa mtoto. Vilevile matawi yetu yadai maji safi ya kunywa kazini na shuleni. Kantini ipike kunde, mboga na matunda, isiwe duka la soda. Mwajiri akubali siku moja ya mwezi ya kupima shinikizo la damu, wafanyakazi na watoto wao. Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unataja likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14 na nafasi ya kunyonyesha kazini. Mama wa shambani anayo haki hiyo sawa na karani wa ofisini.

Wenzetu wa mashamba ya miwa na viwanda vya soda watauliza: je, mnataka tufukuzwe kazi? Swali ni halali. Afrika Kusini ilipoweka kodi ya vinywaji vya sukari mwaka 2018, wakulima na wafanyakazi wa miwa walihofia ajira zao. Chama kina wajibu wa kusema mambo mawili kwa pamoja: sukari ipunguzwe katika chupa, na mfanyakazi asiachwe njiani. Mkono unaokata muwa ndio huohuo unaombeba mtoto.

Mafunzo nayo yanawezekana. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, na mwaka 1975 Chakula ni Uhai. Watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi vya Mtu ni Afya, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha visima. Hawakungoja majengo mapya. Saa ya chakula cha mchana kiwandani, watu 10 na uzi mmoja wanatosha kuanza.

Mtunza ghala wetu alimrudisha mwanawe zahanati mara ya pili na ya tatu. Kipimo kilibaki juu kidogo. Mganga hakumpa dawa. Alimwagiza abadili chakula, ampe mtoto nafasi ya kucheza, na arudi kupimwa kila mwezi. Sasa baba akitoka kazini anapitia sokoni Konyokonyo kununua matunda. Mpwa wake naye anapewa chakula cha lishe cha kliniki, na mkono wake umevuka njano.

"Nilidhani namlipa mtoto deni la njaa yangu," alituambia tulipoagana. "Kumbe nilikuwa namkopea deni jingine."

Msomaji, rudi nyumbani leo na uzi. Ukimaliza kuwapima watoto, jipime na wewe.